Victor Wanyama: Safari ya Soka Kutoka Muthurwa Hadi Spurs, na Ganji Aliyotengeneza

Wasee wengi wakisikia jina Victor Wanyama wanakumbuka ile tweet yake ya spaghetti. Lakini huyu jamaa ndiye Mkenya wa kwanza kucheza kwenye Ligi Kuu ya Uingereza, na chapaa aliyopiga si ya mchezo.

Maisha ya mapema

Victor Mugubi Wanyama alizaliwa Nairobi, 25 Juni 1991, kwenye familia ya mpira. Babake, Noah Wanyama, alichezea AFC Leopards. Brathe yake mkubwa, McDonald Mariga, alijiunga na Inter Milan Januari 2010, msimu ambao klabu hiyo ilibeba Ligi ya Mabingwa. Wanyama alipitia Nairobi City Stars na AFC Leopards kabla ya kuvuka Ulaya akiwa bado kijana.

Kuomoka Ulaya

Baada ya Beerschot ya Ubelgiji, Celtic ilimnunua 2011 kwa pauni 900,000 hivi. Akashinda ligi ya Scotland mara mbili. Novemba 2012 akaifunga Barcelona kwa kichwa, Celtic ikashinda 2-1. Hiyo mechi ilibadilisha maisha yake.

2013, Southampton ikatoa pauni milioni 12.5, yaani karibu mara 14 ya bei ya Celtic. 2016 akamfuata kocha Mauricio Pochettino hadi Tottenham kwa pauni milioni 11. Msimu wake wa kwanza Spurs ilimaliza ya pili. Baadaye majeraha yakaanza kumsumbua, ingawa bado alipata nafasi ya kufumua lile kombora la Anfield, Februari 2018.

Machi 2020 alihamia Montreal, Kanada, akiwa chini ya Thierry Henry. Alikaa huko hadi 2024, kisha 2025 akaenda Dunfermline ya Scotland kwa Neil Lennon, kocha wake wa zamani wa Celtic.

Harambee Stars

Aliongoza Kenya kama nahodha kwenye AFCON 2019 kule Misri. Alistaafu timu ya taifa 2021.

Utajiri wake ni kiasi gani?

Hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Zile pauni milioni 12.5 hazikuingia mfukoni mwake. Pesa ya uhamisho huenda kwa klabu inayouza. Mchezaji anakula mshahara, bonasi na madili ya matangazo.

Ligi ya MLS ndiyo inatupa picha safi, kwa sababu chama cha wachezaji huko huanika mishahara. Mwaka wa 2021 Wanyama alikuwa kwenye takriban dola milioni 3, sawa na kama KSh milioni 330 kwa bei ya dola wakati huo. Huo ni mwaka mmoja tu.

Lakini usikimbie kuzidisha. Uingereza hukata kodi ya asilimia 45 kwa sehemu ya juu ya mishahara mikubwa, na maajenti pia lazima wale. Ndiyo maana zile namba za utajiri zinazosambaa mitandaoni zichukulie kama makisio, maana hakuna mtu ameona akaunti yake ya benki.

Kitu hakina ubishi ni kwamba miaka zaidi ya kumi ya mishahara ya majuu inamweka Wanyama kati ya wanamichezo waliolipwa vizuri zaidi kuwahi kutoka Kenya.