Kutoka kwa Somo hadi Meseji: Simu Ilivyoingia Chumba cha Mzazi Unguja



Msimu huu wa harusi maharusi wametuuliza sana kuhusu hina, udi, vikuba na nguo za fungate. Yote hayo tutayaandika, inshaallah. Leo tunaomba mtuvumilie kidogo tuzungumze juu ya kitu ambacho kila biarusi anacho mkononi na hakuna anayekihesabu katika vyombo vya harusi, nacho ni simu. Tunataka kueleza jinsi simu ilivyoingia katika uzazi wa wanawake wa Unguja, ilisaidia wapi na iligonga mwamba wapi. Historia yenyewe haijatimiza miaka ishirini. Imetokea hapa hapa kwetu, kwa mama zetu na dada zetu, na wengi wetu hatuijui.

Habari ilipokuwa ikienda kwa mguu

Zamani mwari alipovunja ungo alikabidhiwa kwa somo. Somo alimfundisha usafi, twahara, adabu ya nyumba na siri za ndoa. Aliposhika mimba, somo alijua mapema, pengine kabla ya mawifi. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini visiwani alijulikana pia kwa unyago wake, maana alifunda wari wengi. Baada ya somo alikuja mkunga wa jadi. Yeye alikanda tumbo, alipokea mtoto, alikata kitovu, na alimwangalia mzazi hadi arubaini yake itimie. Maneno yasiyosemeka mdomoni yaliandikwa kwenye kanga, na aliyekusudiwa akaelewa.

Hatuwezi kuwabeza mabibi hao. Mwanamke aliyejifungua mikononi mwao hakuwa peke yake hata dakika moja. Lakini kulikuwa na mambo ambayo mikono yao, hata ikiwa na huruma kiasi gani, haikuweza kuyazuia: damu isiyokatika, kondo lililokataa kutoka, kifafa cha mimba ambacho wengi walidhani ni shetani amepanda. Hapo alihitajika daktari, na daktari alikuwa mbali. Kijana alipandishwa baiskeli usiku kwenda kutafuta gari. Mume alikuwa ameenda dago, na bila ya yeye hapana aliyethubutu kuamua. Gari lilipopatikana, alfajiri imeshaingia.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama mjamzito hufa kwa kucheleweshwa mara tatu. Mara ya kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta msaada, ya pili ni kuchelewa kufika hospitali, na ya tatu ni kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Walikuwa wakizungumzia nchi nyingi, lakini bibi yeyote wa Makunduchi au Nungwi angelikutajia majina ya marehemu kwa kila moja ya hayo matatu.

Vocha, kubipu na simu ya mume

Zantel ilianza kazi mwaka 1999. Wakubwa wetu wanakumbuka siku hizo, simu ilivyokuwa kama tofali na mwenye nayo akaiweka mezani ili ionekane. Miaka michache baadaye zikaja simu ndogo za bei nafuu na vocha za kukwangua. Watu wakajifunza kubipu, yaani unapiga mara moja na kukata ili mwenye pesa akupigie. Meseji ikawa rahisi kuliko kupiga, na watu wakazoea kusalimiana, kupeana habari za msiba na hata kuposa kwa maandishi.

Katika nyumba nyingi, lakini, simu ilikuwa moja nayo ilikaa mfukoni mwa baba. Tulikumbuke hilo, maana tutalirudia.

Mwaka 2009: kituo cha afya kinaanza kuandika

Mwaka 2009 Wizara ya Afya ya Zanzibar na watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen cha Denmark, wakiongozwa na daktari Stine Lund, walianza kazi waliyoiita Wired Mothers, yaani kina mama waliounganishwa kwa simu. Walichukua vituo vya afya vya msingi 24 hapa Unguja. Kwa kura, vituo 12 vikaingia katika mpango wa simu na 12 vikaendelea na huduma kama kawaida, ili baadaye ilinganishwe. Wajawazito 2,550 waliandikishwa walipokuja kliniki mara ya kwanza, wawe na simu au wasiwe nayo, wajue kusoma au wasijue. Walifuatiliwa mpaka siku 42 baada ya kujifungua, karibu sawa na arubaini yetu.

Mpango ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni meseji za Kiswahili zilizotumwa na kompyuta kufuatana na umri wa mimba. Kabla ya wiki ya 36 zilikuja mbili kwa mwezi, na kuanzia wiki hiyo zikawa mbili kwa wiki. Zilimkumbusha mama siku ya kliniki, zilimpa mafunzo, na zilimtajia dalili za hatari zinazomtaka atoke nyumbani haraka.

Sehemu ya pili haisemwi sana, nasi tunaiona kuwa ndiyo yenye uzito zaidi. Mama alipewa vocha ili aweze kumpigia mhudumu wa kituo chake. Kwa hiyo habari haikuishia kwa mama kusomewa tu. Naye aliweza kuuliza: damu hii ni ya kawaida? Mbona mtoto hachezi tangu jana? Mhudumu wa kituo kidogo naye aliunganishwa na hospitali, ili linapomshinda jambo apate wa kumuuliza na wa kumpelekea mgonjwa.

Yaliyopatikana

Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka 2012. Katika vituo vya simu, kina mama 60 kati ya kila 100 walijifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi. Katika vituo visivyokuwa na simu walikuwa 47. Waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi walikuwa 44 kwa 100 upande wa simu, na 31 kwa 100 upande wa pili.

Kisha kuna hesabu ya watoto. Watafiti walihesabu waliozaliwa wakiwa wameshafariki pamoja na waliofariki ndani ya wiki ya kwanza. Upande usio na simu walikuwa 36 katika kila uzazi 1,000. Upande wa simu walikuwa 19. Dada zetu, tofauti hiyo ni watoto 17. Kila mmoja wao alikuwa ameshashonewa nguo, na familia ilikuwa ikingoja siku ya saba imfanyie akika.

Lakini historia ya kweli husemwa yote. Katika kuzalia kwa mhudumu mwenye ujuzi, faida ilionekana wazi kwa wanawake wa mjini. Kwa wanawake wa shamba haikuonekana. Ujumbe ulikuwa ule ule na vocha ilikuwa ile ile.

Tumelifikiria sana jambo hili. Mwanamke wa mjini akipata meseji ya kumhimiza awahi hospitali, gari liko barabarani na hospitali haiko mbali. Mwanamke wa shamba akiisoma saa nane za usiku bado anangoja gari, nauli, ruhusa ya mume na neno la mama mkwe. Meseji inaweza kumwondolea mtu ujinga, lakini haiwezi kumlipia teksi. Katika yale mawili ya mwanzo waliyoyataja Thaddeus na Maine, simu iligusa kuamua na ikakwama kwenye kufika.

Mkunga wa jadi anashika simu

Jawabu la pengo hilo lilianza kutafutwa hapa hapa. Mwaka 2011 shirika la D-tree lilianza mpango uliokuja kujulikana kama Uzazi Salama. Safari hii simu walipewa wakunga wa jadi, wale wale mabibi wanaoaminika vijijini. Mkunga alifika nyumbani kwa mjamzito na simu ikamwongoza maswali ya kuuliza na dalili za kutazama. Familia ilipanga mapema itazalia wapi na itasafiri vipi, na nauli iliweza kulipwa kwa pesa za simu. Bibi aliyekuwa akizalisha nyumbani sasa akawa ndiye anayemsindikiza mzazi hospitali, naye hakupoteza heshima yake.

Upande wa Bara, mwezi Novemba 2012 Serikali ilizindua kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mama alituma neno MTOTO kwenda namba 15001 bila malipo na akaanza kupokea meseji za mimba yake. Baba na jamaa nao waliweza kujiandikisha, na hapo walifanya busara, kwa sababu tumeshaona simu ilikaa mfukoni mwa nani.

Kazi ya Uzazi Salama iliendelea kukua mpaka ikawa sehemu ya Jamii ni Afya, mpango wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ulioenea wilaya zote 11 za Unguja na Pemba. Wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000 wanapita nyumba kwa nyumba wakiwa na simu zenye programu ya kuwaongoza. Kwa hiyo yule dada mwenye simu anayegonga hodi na kukuuliza mimba ina miezi mingapi, msimwone mmbeya. Ameshika kazi iliyoanza kwa somo na mkunga.

Biarusi achukue nini hapa

Tukiitazama historia hii yote, tunaona kwamba simu ilifanya kazi pale ilipomuunganisha mwanamke na mtu: mhudumu anayepokea, mkunga anayefika, mume aliyekwisha kuelewa. Pasipo mtu upande wa pili, meseji inabaki kuwa maandishi tu.

Kwa hiyo, bibi harusi wetu, tunakuusia mambo manne ukae na mumeo myazungumze mapema, siku mkiwa na furaha na hapana haraka.

La kwanza ni ruhusa. Mwambie akuidhinishe tangu leo kwamba ukiona dalili ya hatari, utatoka hata yeye akiwa safarini au baharini. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia yetu, na mume mwenye kumcha Mungu hatakukatalia. Akisema mbele ya mama yake, ndiyo vizuri zaidi.

La pili ni namba. Iweke namba ya kituo chako cha afya, ya mhudumu wa mtaa wako, na ya mwenye gari mmoja wa uhakika. Ziandike pia kwenye karatasi ukutani, maana simu huzima chaji.

La tatu ni nauli. Tenga kidogo kidogo kwenye simu yako na usiiguse, hata ikitoka kanga mpya.

La nne ni kuzijua dalili. Kwa mjamzito ni damu kutoka, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona kiwi, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya wakati, na mtoto kupunguza kucheza. Kwa kichanga ni kukataa kunyonya, kupumua kwa shida, mwili kuwa moto sana au baridi sana, degedege, na kitovu kutoa usaha au kuwa chekundu pembeni. Ukiona moja tu, usingoje kuche.

Mtoto akizaliwa salama, muadhinie, mfanyie kheri zote tulizozoea. Mpe titi ndani ya saa ya mwanzo na usiyamwage yale maziwa ya njano, dang'a, kwani ndiyo kinga yake. Kitovu kiacheni kikavu bila ya kupaka kitu, na kuoga kungoje siku ya pili. Bibi akinung'unika, mjibuni kwa adabu, na mpeni kazi ya kumkumbatia mtoto apate joto.

Qur'ani katika Sura Luqman inatukumbusha kwamba mama hubeba mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu. Anayebeba mzigo kama huo anastahiki kupokelewa simu yake. Basi dada ukiwa na mwenzio mjamzito, wifi, jirani au shoga, usizime simu usiku mwezi wake ukifika. Na ukimwona kimya siku mbili, mwandikie wewe.

Mwenyezi Mungu awasahilishie wazazi wetu wote, awarehemu waliotangulia kwa uzazi, na awajaalie maharusi wetu vizazi vyema. Aamin.