Gari Lililovaa Kiatu

Agosti 1888, katika kijiji cha Bauschlott kusini mwa Ujerumani, fundi viatu mmoja alipata mteja wa ajabu. Mteja mwenyewe hakuleta kiatu. Alikuja na gari la magurudumu matatu lisilo na farasi mbele, vijana wawili wa kiume na vumbi jingi. Alichotaka ni vipande vya ngozi vipigiliwe misumari juu ya magogo ya mbao yanayobana magurudumu ya nyuma. Huyo alikuwa Bertha Benz. Alfajiri alikuwa ametoka Mannheim kimyakimya, bila kumwambia mumewe, Carl Benz, ambaye ndiye aliyelibuni gari hilo, akawa anaelekea Pforzheim kwa mama yake, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Penye kupanda, wanawe walishuka wakasukuma. Penye kushuka, mbao za breki zililika kama sabuni.

Wapenzi wa motokaa huiadhimisha siku hiyo kuwa ndiyo siku breki zilipopata bitana. Sawa, mama huyo anastahili sifa zake. Lakini fundi yule, ninavyomwazia, hakushangazwa na ngozi, alishangazwa na gari. Magari ya farasi yalikuwa yakivalishwa viatu tangu zamani sana, na wengine waliyapigilia soli za buti zilizochakaa, za miguu ya binadamu kabisa.

Gari la farasi likitajwa, mtu hufikiria kuvuta. Saisi aliyeishi kwa kazi hiyo alifikiria mteremko. Kwenye tambarare gari zito hujizuia lenyewe: farasi wakilegeza mwendo, nalo linalegea. Balaa huanza pale njia inapoinama, kwa sababu mzigo uliokuwa ukivutwa sasa unasukuma. Farasi hana mikono ya kushikia kitu kilicho nyuma yake. Ana makalio tu, na hayo ndiyo yaliyogeuzwa breki ya kwanza. Farasi wawili wa mwisho, walio karibu kabisa na magurudumu, walifungwa mkanda mpana wa ngozi uliozunguka mapaja yao kwa nyuma. Gari likitaka kuwapita, wao wanalikalia, wanaegemea nyuma, kwato zikikwaruza mawe. Ndiyo maana nafasi hiyo walipewa farasi wakubwa na watulivu kuliko wote. Wale wa mbele, hata wawe wanne, hapo hawana msaada wowote. Kazi yao ni kutonyoosha minyororo tu.

Kwa kigari chepesi mkanda unatosha. Kwa gari lenye tani tatu za ngano juu ya mlima wenye matope, hautoshi. Farasi mmoja akiteleza, gari linapanda juu ya mgongo wake, na wa pili anamfuata mwenzake.

Warumi walilijua hilo. Walikuwa na kizuizi cha gurudumu walichokiita sufflamen, na neno hilo likatoka barabarani likaingia kwenye masengenyo ya wakubwa. Kulikuwa na msemaji hodari aitwaye Haterius, ambaye maneno yalimtoka mbiombio hata wasikilizaji wakaachwa nyuma. Inasimuliwa kwamba Kaisari Augusto alimsikiliza, kisha akasema mtu huyu anahitaji kufungwa breki. Miaka mia kumi na sita baadaye, Ben Jonson aliutumia utani huohuo kwa rafiki yake, na rafiki mwenyewe ni William Shakespeare: kalamu yake ilikimbia mno, ilifaa kuzuiwa. Mshairi Juvenal naye alimcheka kiongozi mmoja wa Roma aliyependa kuendesha magari mwenyewe usiku, hata akawa anafunga gurudumu kwa mkono wake. Kuendesha kwa cheo chake tayari kulikuwa aibu. Kuinama kufunga breki, kazi ya mchunga baghala, kulivuka mpaka.

Njia nyepesi ya kulizuia gurudumu ni kulifunga kwa mnyororo lisizunguke, likaburuzwa kama mguu wa mtoto anayekataa shule. Ila gurudumu la mbao lina ukanda wa chuma pembeni, na ukiliburuza mahali pamoja, chuma kinalika upande mmoja na duara linakuwa na bapa. Kuanzia hapo gari linadunda maisha yake yote. Barabara nayo inachimbika. Uingereza, enzi zile za barabara za kulipia, sheria ilimtoza faini aliyeburuza gurudumu lililofungwa bila kuweka kitu chini yake.

Kitu chenyewe ndicho kiatu. Ni bamba zito la chuma, urefu wake kama dhiraa, limekunjwa kingo pande zote mbili mithili ya mfereji, na kichwani lina pete ya mnyororo uliofungwa chini ya gari. Kileleni mwa mlima saisi anasimamisha farasi. Msaidizi wake anashuka, anakichomoa kiatu kwenye ndoano, anakilaza mbele ya gurudumu la nyuma, mara nyingi la kushoto, upande wa ukingo wa barabara. Farasi wanapiga hatua moja. Gurudumu linapanda juu ya bamba, mnyororo unakaza, na kuanzia hapo gurudumu halizunguki tena: limesimama ndani ya kiatu na kiatu kinateleza juu ya changarawe kikitoa cheche na harufu ya chuma kilichoungua. Chini ya mlima, farasi wanarudishwa nyuma hatua moja ili gurudumu lishuke, naye msaidizi anakirudisha kiatu mahali pake. Ole wake akikishika kwa mkono mtupu.

Chombo hicho kilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, hakikujua kadiri. Ama kimevaliwa au hakikuvaliwa. Mteremko ukipungua katikati, gari linakwama na farasi wanalazimika kuvuta huku breki imefungwa. Ya pili, kilikula muda. Magari ya posta ya Uingereza, yaliyoanza Agosti 1784 kati ya Bristol na London, yalikwenda kwa saa, na mlinzi wa barua alibeba saa iliyofungiwa ndani ya kisanduku ili asiichezee. Kusimama juu ya kila mlima, kuvalisha, kushuka, kusimama tena kuvua: dakika hizo zilihesabiwa. Saisi jasiri aliamua kutokisumbukia kiatu, na mara nyingine ndiyo ikawa safari ya mwisho ya abiria wake.

Jina la kiatu halikuwa la Waingereza peke yao. Wafaransa walikiita sabot, jina lilelile la kiatu cha mbao cha mkulima. Wajerumani walikiita Hemmschuh, kiatu cha kuzuia, na Makaburu wa Afrika Kusini wakasema remskoen. Haya mawili ya mwisho yamegeuka matusi ya kistaarabu: mtu anayepinga kila jambo jipya katika kikao huitwa hivyo hadi leo.

Makaburu walikuwa na haki ya kukitaja kila siku. Wapenzi wa farasi wanisamehe, kwani magari yao makubwa yalivutwa na ng'ombe, lakini mlima haumuulizi mnyama jina. Mashariki mwa Cape Town upo upenyo wa zamani unaoitwa Gantouw, njia ya pofu katika lugha ya Wakhoi. Magari ya walowezi yaliupita mpaka mwaka 1830, ilipofunguliwa njia mpya ya Sir Lowry's Pass. Ukienda leo utakuta mifereji miwili imechimbika ndani ya mwamba, sambamba, kana kwamba mtu amepita na patasi. Hakuna patasi. Ni magurudumu yaliyofungwa na viatu vya chuma, yakiburuzwa juu ya jiwe hilohilo mwaka hadi mwaka. Na walipofika milima ya Drakensberg mwishoni mwa 1837, wakishuka kuingia Natal, kiatu hakikufaa tena. Wakang'oa magurudumu ya nyuma, wakafunga matita ya matawi chini ya ekseli, gari likashuka kwa tumbo kama mamba.

Marekani, ujanja ulifanana. Mwaka 1846 Samuel Barlow na wenzake walifungua njia ya kuuzunguka Mlima Hood kuingia Oregon, na humo mlikuwa na mteremko wa Laurel Hill ambao wahamiaji waliukumbuka kuliko mito yote waliyoivuka. Walizungusha kamba kwenye vigogo vya miti na kuyateremsha magari polepole kwa nyuma. Wengine walikata mti mzima, wakaufunga nyuma ya gari pamoja na matawi yake ili ukwaruze ardhi.

Breki ya wenzo ndiyo iliyombadilishia saisi maisha. Wazo lake ni rahisi: usilifunge gurudumu, libane. Gogo la mbao linaning'inia karibu na gurudumu la nyuma, fito na mnyororo vinaliunganisha na mpini, na mkono unaamua ni kiasi gani. Magari ya Conestoga huko Pennsylvania yaliwekewa mpini huo ubavuni kushoto, kwa kuwa mwendeshaji hakukaa juu ya gari. Alitembea pembeni, au alipanda farasi wa kushoto, au alichomoa ubao mdogo uliochomekwa ubavuni na kuukalia.

Katika magari ya abiria yaliyotengenezwa Concord, New Hampshire, kuanzia mwaka 1827, breki ilihamia mguuni. Hatamu za farasi sita zilijaza mikono ya mwendeshaji. Mguu wake wa kulia ulikanyaga wenzo mrefu uliosimama ubavuni, na kwa mguu huo alilicheza gari la zaidi ya tani moja kwenye kona za Sierra Nevada. Mguu ule ndio babu wa mguu wako wa kulia ukiwa ndani ya daladala, ukikanyaga sakafu kila dereva anapochelewa kukanyaga yeye. Ile mbao iliyobana gurudumu ilikuwa ikitoa moshi kwenye miteremko mirefu, ikawa laini, ikateleza. Dawa yake ilikuwa ngozi, na ngozi ya bure iliyokuwa karibu na kila mtu ni soli ya kiatu chakavu.

Mzigo mkubwa kuliko yote ninayoijua ulipita Bonde la Mauti huko California kati ya 1883 na 1889. Magari mawili ya kubeba madini ya boraksi yalifungwa pamoja na tangi la maji nyuma yake, jumla ya tani 33 hivi, gurudumu la nyuma likiwa na kimo cha mita 2 na zaidi. Msafara ulikwenda kilomita 265 hadi reli ya Mojave kwa siku 10. Tangazo la biashara liliuita msafara wa baghala 20. (Baghala ni mzao wa punda na farasi, ambaye siku hizi wengi humwita nyumbu na kumchanganya na yule wa Serengeti.) Kwa kweli baghala walikuwa 18, wawili waliobaki, wale wa karibu na magurudumu, walikuwa farasi, kwa sababu palitakiwa wanyama wenye uzito wa kukalia mzigo. Watu walikuwa wawili tu. Mmoja aliongoza wanyama kwa kamba moja ndefu, na wa pili, kwenye miteremko, alipanda gari la pili na kushika breki yake. Kama hawakuelewana, na jangwani siku kumi ni nyingi, mlima uliwapatanisha.

Basi Bertha Benz alipomgongea yule fundi, alikuwa akiomba kitu ambacho saisi yeyote angemshauri. Mwaka 1902 Louis Renault aliiingiza breki ndani ya ngoma ya chuma iliyofungwa kwenye gurudumu, na vile vipande viwili vinavyotanuka ndani na kubana vikabaki na jina la ukoo. Fundi wa gereji akikuambia shuu zimeisha, anakuambia viatu vimeisha, na ni kweli.

Kwetu Afrika Mashariki, farasi hawakupata nafasi. Ndorobo aliwamaliza, mizigo ikabaki vichwani mwa wapagazi. Makaburu waliokuja mwaka 1908 na kupanda uwanda wa Uasin Gishu, mahali ambapo Eldoret ingeota na kuitwa Sisibo, walifungia magari yao ng'ombe. Baadaye yakaja malori. Lakini lipo gari moja ambalo bado halina injini wala mnyama, na jina lake linasema kazi yake: mkokoteni.

Nilisimama asubuhi moja kwenye mteremko wa kuelekea Gikomba, Nairobi, nikimtazama kijana aliyepakia magunia ya viazi hadi juu ya kichwa chake. Chini ya mkia wa mkokoteni, nyuma kabisa, alikuwa amepigilia vipande vinene vya tairi kuukuu. Alisimama katikati ya mipini miwili, akaangalia matatu inayopita.

"Breki hiyo hukaa muda gani, ndugu yangu?" nikamuuliza.

"Inategemea mzigo, mzee. Na mvua. Ikiisha nakata nyingine."

Akainua mipini juu hadi usawa wa mabega. Mkia ukashuka, tairi likagusa lami na kulia. Akaanza kuteremka kwa hatua fupi, kisigino kwanza, akiegemea nyuma, na miguuni alikuwa amevaa akala, zimekatwa kwenye tairi lilelile.