Mashtaka Juu ya Mzee: Papa Borgia na Daktari Arthur

Somo letu ni waraka wa kwanza wa Paulo kwa Timotheo, mlango wa 5, mistari ya 19 na 20. Hapo kijana Timotheo anazuiwa kumhukumu mzee wa kanisa kwa neno la mtu mmoja tu; sharti wapatikane wawili, au watatu. Na papo hapo anaambiwa kwamba mzee aliyekosa kweli aonywe hadharani. Wengi wetu hushika mmoja wa mistari hii na kuuacha mwingine.

Sisi Waprotestanti tunaye mzee mmoja ambaye tunapenda sana kumshtaki. Ni Rodrigo Borgia, aliyekuwa Papa kwa jina la Alexander wa Sita, tangu 1492 hadi 1503. Hapa Nyeri, ambako watoto wetu na watoto wa Wakatoliki wanaoana, nimesikia jina lake likitupwa kama jiwe hata katika mazungumzo ya posa. Basi, je, mashahidi wapo?

Kwa mambo mengine wapo tele. Alikuwa na watoto, miongoni mwao Cesare na Lucrezia, wala hakuwaficha. Aliwainua kwa mali na vyeo vya Kanisa. Hilo halina ubishi. Lakini ile hadithi kwamba aliwatilia makadinali sumu ili atwae mali zao, wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Na lile neno chafu kupita yote, juu yake na binti yake mwenyewe, lilitoka kwa Giovanni Sforza, mume wa Lucrezia, mwaka 1497, wakati ndoa yake ilipokuwa ikivunjwa na yeye akiaibishwa mbele ya watu kuwa si mwanamume kamili. Shahidi mwenye uchungu wa namna hiyo, wazee wetu wa kiama wangemwuliza maswali mengi kabla ya kumwamini.

Lakini tazama, ndugu. Tukiwa bado tunachungulia chumba chake cha kulala, kalamu yake imetupita. Mwezi Mei 1493 Papa huyu alitoa hati ya kuwapa wafalme wa Hispania nchi zilizoonekana magharibi mwa bahari, nchi zenye wenyewe. Kabla yake Papa Nicholas wa Tano, kwa hati za 1452 na 1455, alikuwa amewaruhusu Wareno kuwashinda wasio Wakristo, kuwatia utumwani, na kujitwalia sehemu za Afrika. Mwaka 1494 Wareno na Wahispania wakagawana bahari. Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Mombasa, kisha Malindi. Mwaka 1505 Wareno wakaiteketeza Mombasa. Ilifika Machi 2023 ndipo Vatikani ilipotangaza kwamba inayakataa mafundisho yale yaliyojengwa juu ya hati hizo. Kwa miaka mingi vilivyosimuliwa zaidi ni vitanda na vikombe vya sumu.

Nimemleta Papa huyu kwa sababu na sisi wa upande wa Mlima Kenya tunaye mzee anayebishaniwa vivyo hivyo, naye ni Mprotestanti. Ni Daktari John Arthur wa Misheni ya Kanisa la Scotland, aliyefika Kikuyu mwaka 1907 na kuiongoza misheni ya Thogoto baada ya Henry Scott kufa mwaka 1911. Nyumba nyingine humkumbuka kama baba wa hospitali na shule. Nyumba nyingine hawataki kulisikia jina lake, na ukiuliza kwa nini, utarudishwa mwaka 1929.

Mwezi Machi mwaka ule wajumbe wa makanisa, Waafrika pamoja na wamisionari, walikutana hapa kwetu Tumutumu, wakaazimia kwamba Mkristo atakayekubali kutahiriwa kwa wasichana atengwe. Baadaye mwaka ule ule wafuasi wa misheni wakatakiwa kutia sahihi kwamba wameiacha desturi hiyo na kwamba hawamo katika chama cha Kikuyu Central Association. Asiyejua kuandika aliweka alama ya kidole gumba, kirore. Ndipo watu wakagawanyika, huku Kirore, kule Karing'a. Thogoto iliwapoteza washiriki wake walio wengi sana. Tumutumu haikuumia kiasi hicho. Sisi wa CMS hatukuwa na msimamo mmoja, kila kituo kikafuata njia yake.

Vijana wakaimba Muthirigu. Ngoma hiyo ilienea ridge kwa ridge, ikiwataja wamisionari na machifu kwa majina, hata serikali ikaipiga marufuku Januari 1930. Uvumi uliokwenda nayo ulisema wazungu wa misheni wanataka wasichana wasiotahiriwa wawaoe wao, wapate kuichukua ardhi.

Hapa naomba tusimame na Paulo. Kwamba Arthur alikuwa akiwatamani wasichana wa watu, shahidi sijamwona. Alikuwa daktari, aliona wanawake wakiumia katika kuzaa, na neno alilolisema juu ya kisu lile ndilo Bunge la Kenya lililolifanya sheria mwaka 2011. Lakini uvumi haukuota juu ya mwamba. Misheni yake ilikuwa na ardhi kubwa katikati ya watu walionyang'anywa ardhi, na usemi wa Wagikuyu ulikuwa umekwisha toka: Gutiri muthungu na mubia, mlowezi na padre ni mamoja. Ukimwekea mtu wa namna hiyo karatasi, ukachanganya mwili wa binti yake na chama chake cha kudai ardhi katika sahihi moja, utamlaumu vipi akiisoma kama hati ya shamba? Hilo kwangu ni kosa lake la kweli la mwaka 1929. Meru nako amri ya 1956 ilitoka kwa wazee wa Njuri Ncheke wenyewe, si kwa misheni, na bado wasichana walijitahiri wao kwa wao.

Iko karatasi nyingine ya zamani zaidi. Mwaka 1917 Arthur aliwaongoza vijana karibu 2,000 wa misheni kwenda vitani kama wapagazi, akawatunza, na wengi wao wakarudi, wakati wapagazi wa makundi mengine walikufa kwa maelfu. Yeyote anayemwita adui wa Waafrika na alijibu hilo. Kisha, Oktoba 1919, serikali ya Gavana Northey ikawaagiza maofisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Viongozi wa misheni walijibu kwa maandishi. Walisema kweli kwamba dokezo la ofisa kwa chifu ni amri, na kwamba wanawake na watoto wataumia. Lakini hawakusema kazi ya kulazimishwa ni dhambi. Walisema kama ni lazima iwepo, basi iwekwe na sheria, iwe hasa kwa kazi za serikali, na iwe na mipaka. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, hakukubali kupatana na jambo lile hata kidogo, akachapisha kijitabu cha kulishutumu mwaka 1920. Mwaka 1921 London ikawazuia maofisa kuwatafutia walowezi vibarua.

Maandishi yale ya 1919 yana majina matatu. Moja ni la Daktari Arthur. Mawili mengine ni la Askofu Heywood wa Mombasa na la Askofu Willis wa Uganda, na hao wote wawili ni wetu, Waanglikana.