Mti Ulioishi kwa Mikono ya Watu

Msomaji, ukifika Mnarani, upande wa kusini wa hori ya Kilifi, utapanda ngazi hata ufike juu, na hapo utayaona magofu ya msikiti mkubwa, kaburi lenye mnara, na kisima kirefu mno. Mji huu ulikaliwa tangu karne ya 14, na mwanzoni mwa karne ya 17 ukahamwa. Wanahistoria hulihusisha anguko lake na mashambulio ya Waoromo. Kati ya magofu hayo umesimama mbuyu mnene. Mbuyu huo haukumhitaji mtu. Wenyeji walipoondoka, wenyewe uliendelea kunywa mvua na kunenepa.

Sasa nakusimulia habari za mti mwingine, ambao ungaliachwa siku chache tu bila maji wakati wa joto, ungalikufa. Katika miaka ile ile Mnarani ilipokuwa ikigeuka msitu, huko Japani msonobari mmoja ulianza kulelewa chunguni. Malezi yake yahesabiwa tangu mwaka 1625. Miti ya namna hii Wajapani huiita bonsai, yaani mti uliopandwa katika sinia, na asili ya sanaa hiyo ni Uchina. Usidhani kwamba ni mti wa jamii fupi. Ni msonobari ule ule ukuao mrefu mlimani. Ufupi wake ni kazi ya mikono.

Na kazi hiyo haina likizo. Mti hukaa nje juani, katika udongo wa changarawe usiotuamisha maji, kwa hiyo wakati wa joto hunyweshwa kila siku. Majira ya kuchipua yakifika, machipukizi hupunguzwa kwa ncha za vidole. Matawi hufungwa waya na kupindwa polepole, na waya hufunguliwa kabla haujalikata gome. Kila baada ya miaka michache mti hutolewa chunguni, mizizi ikapunguzwa, ukarudishwa katika udongo mpya. Lakini udongo wa zamani hauondolewi wote, maana ndani yake mna kuvu mweupe anayeisaidia mizizi kupata chakula. Mimi nami, nilipokuwa chuoni, nilipata kupanda mche wa mvinje katika kopo. Nilikwenda nyumbani siku nne. Niliporudi, nilikuta kijiti kikavu.

Msonobari ule ulikuwa mali ya ukoo wa Yamaki, wenye bustani ya miche mjini Hiroshima. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, Wamarekani waliuangushia mji huo bomu la atomu. Bustani ilikuwa umbali wa kilomita 3 hivi kutoka mahali lilipolipukia. Vioo vya nyumba vilipasuka vikawakata waliokuwamo, lakini wote waliokoka. Na nje, ukuta uliikinga miti. Ebu fikiri, msomaji. Agosti ni mwezi wa joto kali huko. Mji umeteketea, watu kwa maelfu wamekufa, na wengine wanaendelea kufa. Na katika siku hizo hizo hapana budi alikuwapo mtu aliyechota maji akaunywesha mti. Vitabu vya vita haviandiki mambo kama hayo.

Mwaka 1976 Marekani ilitimiza miaka 200 ya uhuru wake, na Wajapani wakaipelekea zawadi ya bonsai 53. Masaru Yamaki aliutoa msonobari wa ukoo wake, kwa taifa lile lile lililoangusha bomu. Ulipelekwa Washington, ukawekwa katika bustani ya taifa ya miti, na watunzaji wa huko waliunywesha na kuupogoa kwa miaka 25 bila ya kujua ulikotoka. Wao walijua tu kwamba ni mzee. Mwezi Machi 2001 walifika wageni wawili kutoka Japani, ndugu, wakiomba kuonyeshwa mti wa babu yao. Nao ndio waliowasimulia watunzaji habari za asubuhi ile ya Hiroshima.