Asili ya Neno Sanamu

Leo tulitazame neno moja. Huku Kyela na Matema, ambako Waislamu ni wachache kati ya majirani Wakristo, ni wepesi mtu kumwita mwenziwe mwabudu masanamu kwa sababu ya umbo la udongo aliloliona nyumbani kwake. Huo ni mshtaka mzito, nao hutegemea neno.

Sanamu limetoka katika Kiarabu, swanam. Hisham bin al-Kalbi wa Kufa, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, aliandika kitabu kizima juu ya masanamu ya Waarabu, akapambanua: la mti, dhahabu au fedha lenye umbo la mtu ndilo swanam, la jiwe ni wathan. Wataalamu wa lugha huliunganisha neno hili na Kiaramu cha kale, ambako maana yake ilikuwa sura au mfano tu. Mwaka 1979 huko Tell Fekheriye, nchini Syria, lilifukuliwa sanamu la jiwe lenye neno hilo la Kiaramu. Lilikuwa sura ya mtawala aliyejisimamisha mbele ya mungu wake. Yeye mwenyewe hakuwa mungu.

Waarabu basi walilibana neno, likawa la kinachoabudiwa. Waswahili wakalipanua tena: askari wa shaba nyeusi aliyesimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni sanamu, na hapana aliyepata kumsujudia.

Na kinyume chake kipo hapa hapa kwetu. Monica Wilson, aliyewachunguza Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika juu ya matambiko katika kichaka cha Lwembe huko Lubaga. Aliyelirithi jina la Lwembe alikuwa mtu aliye hai, wala si mti uliochongwa. (Kyala naye, aliyekuwa shujaa wa matambiko kando ya ziwa, leo jina lake ndilo Wakristo wa Kinyakyusa humwitia Mungu. Maneno husafiri.)

Qur'ani hutumia pia neno tamaathiil: kwa yale ya kaumu ya Ibrahim, yaliyolaaniwa, na kwa yale aliyotengenezewa Sulaiman, yasiyolaumiwa. Kiswahili huyaita yote masanamu. Wanachuoni wengi wamekataza kuchonga kiumbe chenye roho, lakini wakawavulia watoto vya kuchezea, kwa Hadithi ya Bibi Aisha. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwona na farasi mwenye mbawa, akamwuliza ni farasi gani huyo. Akajibu kwamba farasi wa Sulaiman walikuwa na mbawa. Naye Mtume akacheka.