Menta, Kungwi, Saidia Fundi

Mwaka 2005 Donald Trump alizindua kampuni ya kufundisha watu biashara ya nyumba na viwanja, akaiita Trump University. Mwaka huohuo Idara ya Elimu ya Jimbo la New York ikaionya kwamba hakuna ruhusa ya kujiita chuo kikuu bila leseni. Jina lilidumu hadi 2010. Semina ya siku tatu iliuzwa dola 1,495, na kifurushi cha juu kilikaribia dola 35,000. Aliyelipa fedha hizo aliahidiwa menta wa kumsindikiza ana kwa ana. Kesi zilizofunguliwa dhidi yake zilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 25 Novemba 2016, bila kampuni kukiri kosa.

Neno lililoigusa serikali ni «chuo kikuu». Hilo lina mwenyewe, lina leseni, lina mlinzi mlangoni. «Menta» halikudaiwa leseni na mtu, ingawa ndilo lililokuwa na bei kubwa kuliko yote katika orodha ile. Yeyote anaweza kulichapa kwenye kadi leo jioni na kesho asubuhi akapokea wanafunzi.

Labda ni bahati ya jina lenyewe. Mentor wa asili ni mzee katika utenzi wa Homer, aliyeachiwa nyumba na Odysseus alipokwenda vitani. Ukisoma kwa makini utaona kwamba ushauri uliomsaidia Telemachus, mwana wa Odysseus, kufunga safari haukutoka kwa mzee huyo. Ulitoka kwa mungu wa kike Athena, aliyevaa sura yake. Menta wa kwanza duniani alikuwa amevaliwa na mwingine!

Lakini anayeanza kununua nyumba chakavu, kuikarabati na kuiuza kabla riba haijamla anamhitaji mtu, hilo halina ubishi. Wamarekani wana kanuni ya asilimia 70: kadiria nyumba itauzwa kiasi gani ikishatengenezwa, chukua asilimia 70 yake, toa gharama za matengenezo, na hapo ndipo mwisho wa bei ya kununulia. Nyumba itakayouzwa dola 200,000 na kudai matengenezo ya 40,000 isinunuliwe zaidi ya 100,000. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la saba anaiweza. Asiyoiweza ni ile 40,000, imetoka wapi? Ufa huu ni wa lipu au wa msingi? Ukuta huu ukibomolewa, dari itabaki juu? Nyumba imejengwa kabla ya 1978, mwaka Marekani ilipopiga marufuku rangi yenye risasi majumbani. Nani atakwangua rangi hiyo, na kwa bei gani? Kozi haijibu maswali hayo. Anayajibu mtu aliyesimama ndani ya nyumba ileile akiwa na tochi mkononi.

Tumwite nani mtu huyo? «Mshauri» ni neno jepesi mno: mshauri husema, kisha akaenda kwake kulala. «Mlezi» tumeshalitoa kwa vikundi na vyama, mara nyingi kwa mtu anayeonekana siku ya uzinduzi tu. «Kungwi» litachekesha kidogo, lakini lina jambo ambalo «menta» halina. Kungwi hutunzwa kwa kazi yake, tena vizuri, ila mwari akiharibu huko aendako, watu humuuliza kungwi kabla ya kumuuliza mwari. Ni neno lenye lawama ndani yake. Sikumbuki kusikia menta yeyote wa semina akiulizwa chochote mwanafunzi wake alipopoteza nyumba. Kwa wale wa semina tuna neno tayari, Watanzania walilitengeneza kwa mafundi umeme bandia na wauza viwanja wasio na ofisi: kishoka.

Hata hivyo nadhani tunaanzia upande usiofaa. Tunamtafutia jina anayefundisha, na anayefundishwa tunamwacha akae kitini na daftari. «Mwanagenzi» ni neno zuri, na serikali ya Tanzania imelipatia kazi katika programu zake za uanagenzi, lakini bado linanukia darasa. Mimi napendelea lile la kwenye jengo: saidia fundi. Ndiye anayekoroga zege na kubeba tofali, huku jicho lake likifuata mwiko wa bwana mkubwa. Na hapa ndipo fedha inapogeuza mwelekeo: saidia fundi hulipwa ujira, mwanafunzi wa menta hulipa.

Hata Marekani wengine huingia kwa mlango huo. Humtafutia mnunuzi mzoefu nyumba zilizotelekezwa, wakapewa kitu biashara ikikubali, na Kiingereza huwaita mbwa wa kuwindia ndege. Majimbo mengi hudai leseni kwa anayelipwa kuwakutanisha muuzaji na mnunuzi, maana huo ni udalali, kwa hiyo mwenye busara huuliza sheria ya jimbo lake kwanza, au huchukua nyundo na kulipwa kwa siku.

Sarufi ya saidia fundi bado haijatulia. Ni kitenzi cha amri kilichokaa kwenye kiti cha nomino, na wingi wake unabishaniwa: wengine husema «masaidia fundi», wengine «saidia fundi watatu» bila kugusa kitu. Kwenye jengo nimesikia yote mawili ndani ya saa moja, na zege lilikorogwa vilevile.