Ng'ombe wa baba mdogo na Nobel ya 2011

Nipo likizo nyumbani Ikungi, na nimekuta huzuni. Ng'ombe wa baba mdogo waliokuwa wamepelekwa malishoni upande wa Itigi wamerudi mbavu nje, mmoja kafa juzi. Ndorobo hao. Baba mdogo anasema wadudu wa kwenye damu wamemla mnyama mpaka wamemmaliza.

Basi bwana, mimi wa Biolojia na Historia nikakumbuka kitu. Kukonda huku huku kulimshangaza Mmarekani Anthony Cerami alipokuwa Kenya miaka ya 1970 akifuatilia nagana. Ng'ombe kaisha kabisa, ila vimelea kwenye damu ni vichache! Sasa nyama inaliwa na nani?

Mwaka 1980, New York, yeye na Carol Rouzer waliambukiza sungura vimelea hivyo, wakakuta damu imejaa mafuta ambayo mwili umeshindwa kuyatumia. Wakahisi kuna kitu mwili wenyewe unatoa. Mwaka 1985 Bruce Beutler, kijana wa maabara ya Cerami, akakisafisha, na kumbe ni TNF, ile iliyokuwa ikijulikana kwa kuua uvimbe wa saratani. Yaani seli askari za ng'ombe zenyewe zinashiriki kumkondesha!

Swali likabaki: askari wanaamshwa na nini? Sumu ya bakteria ilikuwa inawaamsha vikali, kwa hiyo lazima juu ya seli kuna kipokezi, kama kitasa kinachosubiri ufunguo. Beutler alikitafuta miaka, akakipata 1998 kwa panya ambao sumu ile haiwafanyi kitu: kitasa chao kilikuwa kibovu. Kinaitwa TLR4. Kikiguswa, seli inamwaga TNF, homa na uvimbe vinafuata, na vikizidi mgonjwa anakufa. (Vimelea vya nagana vina funguo zao nyingine.) Nobel ikaja 2011, akigawana na Jules Hoffmann wa utafiti wa nzi na Ralph Steinman.

Stori hii wengi huianzia kwa panya na nzi. Ng'ombe wa Kenya anarukwa, na mimi inaniuma.

Jioni nikamsimulia baba mdogo yote, hadi dawa za kuzuia TNF wanazochomwa leo wagonjwa wa baridi yabisi. Alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo mwanangu, hao wamepata sindano. Na huyu wangu?"

Huyu wake bado ni sindano zile zile za zamani za kuua vimelea. Kesho alfajiri natumwa Singida mjini kuzifuata.